Sikio Langu Katika Bwawa la Mamba

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu ameshauriwa aogelee, magoti yapate nafuu. Sawa. Lakini leo amerudi bwawani anacheka peke yake! Eti mwalimu wao, wanayemwita Mamba, ana vichekesho. Mimi, fundi saa, mara ya mwisho kumchekesha sikumbuki. Najiandikisha.

Jumatano, 6 Machi
Mamba ana mabega kama kabati. Ametupa masharti: tuoge kabla ya kuingia, tunyooshe viungo, tusipige mbizi penye kina kifupi, tukitoka tukaushe masikio. Halafu akanigeukia mimi, akasema mzee nisitie pamba masikioni.

Amejuaje? Pamba nilikuwa nayo mfukoni! Basi nimetii. Nimeitupa, nikaziba kwa nta ya mshumaa.

Kunyoosha viungo nimekuruka. Mtu mzima ajinyooshe kama paka mbele ya mkewe? Nikajitosa. Msuli wa mguu ukakaza! Nikazama penye maji ya kifuani. Kumbe Mamba alikuwa akipiga kelele nisimame tu, lakini nisikie kwa lipi? Aliyenivuta ni mke wangu. Njia nzima hadi nyumbani alinishika mkono kama nitapotea. Hilo limeniuma.

Ijumaa, 8 Machi
Nta ya kushoto imetoka. Ya kulia imegoma. Nimeichokonoa kwa bisibisi ya saa. Ee Mungu wangu!

Jumamosi, 9 Machi
Daktari ametoa nta. Sikio limeingia vijidudu: maji yalinaswa ndani, bisibisi ikakwaruza. Nisichokonoe tena kwa kitu chochote, libaki kavu, nitie matone, na bwawani marufuku mpaka alikague. (Habari ya bisibisi kaitoa mke wangu. Msaliti!) Daktari akanieleza pia kwamba kutotia pamba masikioni ni kusikia unachoambiwa. Nikasema najua. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu guu langu zima.

Jumatatu, 11 Machi
Mke wangu hakwenda bwawani. Ananilaza kichwa pajani pake, sikio zima chini, bovu juu. Anatia matone. Kisha anainama, ananong'ona kitu humo humo. Sisikii neno, napata joto la pumzi tu. Nimemwuliza kasema nini. Kasema nitulie. Raha hii sijaipata tangu tuoane.

Alhamisi, 14 Machi
Nimepona! Asubuhi nimesikia hadi saa ya jirani. Nilitaka kumwambia, lakini chupa ya matone alikuwa ameshaishika. Nikalala.

Akanong'ona. Leo nimesikia. Kwamba siku ile majini alidhani namwacha peke yake. Kwamba vichekesho vya Mamba anavibeba nyumbani anisimulie mimi, tucheke wote, nami nanuna tu. Machozi yamenitoka. Ameyapangusa akidhani ni dawa.

Nikaona aibu. Mke kama huyu hadanganywi. Nikakaa kitako, nikamshika mkono, nikamwambia ukweli wote: sikio la kulia limepona kabisa.

Sasa ni la kushoto, nikamwambia, ndilo limeanza kuuma.