Meno Laini ya Punda wa Ciakuthii

Jumatatu, 3 Machi 2014. Kiritiri.

Nafasi ni moja. Daktari Ndambiri ametuambia asubuhi, mimi na Njiru, tukiwa bado tunanawa mikono. Muda wetu wa majaribio unaisha. Kliniki yake itaajiri fundi mmoja wa mifugo na atamtaja Jumamosi. Mwingine ataenda na baraka zake. Sijui kwa nini aliniangalia mimi aliposema baraka.

Njiru hasomi. Lakini wakulima wakileta mbuzi wanamwita Njiru wetu. Mimi ni yule msichana wa Meru, kana kwamba Meru ni ng'ambo ya bahari. Nyumbani Nchiru mama ameshatangaza kanisani kwamba Kathure wake amepata kazi. Siwezi kurudi na baraka.

Nimefikiri mchana kutwa, mpaka nikamchanja mbuzi mmoja mara mbili. Jibu limekuja: meno! Hakuna anayeshughulika na meno ya wanyama hapa. Nitakuwa fundi wa meno. Daktari atakosa la kufanya.

Jumanne, 4 Machi

Mbarak wa bucha amenipa kichwa cha mbuzi cha kufanyia mazoezi. Aliuliza kama napika supu. Nikamwambia hii ni elimu. Akasema basi elimu niitie chumvi.

Nilikichemsha nyuma ya kliniki ili nyama iachane na mifupa. Nikaitwa kutazama kuku wa jirani. Kurudi, namkuta Njiru amekaa na wateja wawili. Ulimi umekwisha. Mashavu yamekwisha! Mzee mmoja anafuta bakuli kwa ugali na kunishukuru: ametembea kliniki nyingi, hakuna iliyowahi kumpa supu. Njiru akaniambia nisinune, ameniachia sehemu ya masomo.

Kweli ameniachia mataya. Meupe pe, safi kuliko ambavyo ningeyasafisha mimi. Sielewi kama huu ni uadui au msaada.

Nimechukua tupa ndefu ya meno kutoka kabati la vyombo na kusugua magego mpaka jioni. Yanang'aa kama vigae. Mataya hayakulalamika hata kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Daktari ametueleza habari za meno ya punda kabla ya kuondoka kwenda Embu. Magego ya punda huendelea kuota. Pembeni huota ncha kali, ncha zinakata shavu, na mnyama anaanza kutema majani yakiwa mabonge. Dawa ni kutoa ncha kwa tupa. Ncha tu, akasema. Kisha akarudia, ncha tu. Sikuelewa kwa nini arudie kumwambia mtu aliyeongoza darasa.

Usiku nimewaza. Kama ncha ndogo ni ugonjwa, je, ukali wote uliobaki mdomoni ni nini? Njiru hawezi kufikia wazo kama hili. Alikuwa akimenya muwa.

Alhamisi, 6 Machi

Bahati! Mama Ciakuthii, yule anayeuza maji kwa mitungi, ameleta punda wake. Anatema majani, yakiwa mabonge kama kitabuni. Njiru akasema tumngoje Daktari, anarudi kesho. Ameogopa! Nikasema mgonjwa haambiwi aje kesho.

Njiru akashika kamba. Mimi nikatia chuma cha kupanulia kinywa, nikaingiza tupa, nikaanza. Punda ni mpole kupita watu wengi. Baada ya muda nikapapasa kwa kidole: ncha zimeisha. Njiru akasema inatosha, dada. Inatosha! Neno la watu wa wastani.

Nikaendelea. Juu, chini, kushoto, kulia, hadi pale meno yanapokutana. Ciakuthii akauliza kama punda wake anaolewa. Nikamwambia asubiri aone. Nilipomaliza, kidole kiliteleza kama kwenye sabuni. Nimelala nikitabasamu.

Ijumaa, 7 Machi

Punda hali.

Ciakuthii alifika kabla sijapiga mswaki. Anasema juzi mnyama alikuwa anatema mabonge. Leo anatema nyasi nzimanzima, anazizungusha na kuzitoa kama mgeni asiyependa chakula cha mwenyeji. Nani atambebea maji? Watoto wanasoma kwa mgongo wa punda huyu! Nikamwambia mnyama bado anazoea raha. Hakucheka.

Daktari akarudi, akamulika kinywani kwa tochi. Kisha akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama kwetu kuna jiwe la kusagia. Nikasema lipo, la nyanya yangu mzaa mama. Akauliza nyanya hufanyaje likiwa laini. Nikasema huligongagonga kwa jiwe lingine liwe na mikwaruzo, la sivyo halishiki nafaka. Akanitazama. Nikamtazama. Njiru akatazama viatu vyake.

Mpaka sasa sijui kwa nini tuliacha mgonjwa tukazungumza mapishi.

Jumamosi, 8 Machi

Njiru amepata nafasi.

Mimi nimepewa kazi maalum, isiyo na jina. Nitampikia punda uji wa pumba kila siku mpaka meno yake yaote tena. Huenda ikachukua miezi. Na kwa kuwa hana nguvu, mitungi ya Ciakuthii itaenda kwa mkokoteni, na mkokoteni utasukumwa nami. Daktari amesema nikimaliza tutazungumza. Kwa hiyo mlango haujafungwa.

Sokoni Mbarak akapaza sauti: njooni muone, punda mpya wa Ciakuthii ana diploma! Watu walishika mbavu. Kwenye mlima Njiru akatokea nyuma, akasukuma nami. Anataka nini? Nafasi si tayari anayo?

Jumapili, 23 Machi

Mvua imeanza. Na punda amenenepa!

Ciakuthii mwenyewe amekiri. Manyoya yanang'aa, shingo imejaa, jirani ameuliza anampa nini. Nimekaa juu ya ndoo nikamtazama akila. Anafyonza uji, anameza, anafyonza tena. Hatafuni. Wiki mbili hajatafuna, na hajawahi kuwa na afya kama hii!

Nimeelewa sasa. Kosa langu lilikuwa kulainisha meno. Nilibembeleza ugonjwa. Punda anayeishi kwa uji hahitaji magego hata moja. Yanamkalia tu mdomoni, yakingoja kuota ncha. Yatoke!

Daktari ameweka kufuli jipya kwenye kabati la vyombo, na ufunguo anao Njiru, shingoni, hata akiwa chooni. Wezi, nadhani. Njiru ni mtu mwema, kesho nitamwomba. Koleo kubwa ziko rafu ya juu, na Ciakuthii ana punda wa pili, mdogo, ambaye hajaanza kubeba mizigo.