Habari za Yoramu wa Gongoni na Mnyama Wake Bebayote

Sogeeni, enyi mliokalia viti na ninyi mliokalia ndoo. Zimeni redio, mwenye kikohozi na akohoe sasa amalize, maana habari inayokuja si ya kukatizwa. Ni habari ya Yoramu wa Gongoni, mzaliwa wa Isikizya, mwenye brashi tatu na ndevu zenye rangi ya bluu upande mmoja: jinsi alivyomwokoa mnyama wake kutoka mikononi mwa adui, akamvusha mtandao, akamwingiza katika mkutano wa viumbe wa nchi nzima. Wako wafalme waliofanya madogo kuliko haya wakajengewa sanamu.

Yoramu alikuwa mchoraji wa kuta za watu. Unataka mkasi kwenye kibanda cha kinyozi? Yoramu. Unataka ng'ombe kwenye bucha? Yoramu. Lakini kifuani mwake waligombania mlango wanyama wasiowahi kuumbwa: fisi wenye miavuli, kobe wa ghorofa, mbuni aliyevaa koti la mwalimu mkuu. Kila alipojaribu kumtoa mmoja, mwenye ukuta alimrudisha ndani. Mwaka jana alimchorea Masanja, muuza nyama, ng'ombe mwenye mabawa. Masanja, mtu mpana kama mlango wa ghala la tumbaku, akasimama mbele ya ukuta wake akanena, "Yoramu, mteja akimwona ng'ombe anaruka, atajua nyama yangu imetoroka. Futa." Yoramu akafuta bawa la kulia, akafuta la kushoto, na siku ile akalala bila ugali.

Ndipo habari ya chalenji ikamfikia kwenye simu. Mwezi mzima, kila kulipokucha, wachoraji walipewa neno moja. Na kila mmoja amchore kiumbe asiyekuwepo duniani, ampige picha, amtume ukumbini kule mtandaoni kabla jua halijazama. Atakayefika mwisho bila kuruka siku, kiumbe wake wa mwisho atasimama na wenzake wote kwenye bango moja kubwa. Atakayeruka hata siku moja, basi tena. Yoramu hakuruka. Malaria ilimkuta, akachora amejifunika blanketi. Na katika muda wote huo hakupata komenti ya mtu asiyemjua. Laiki zake zote zilikuwa za shemeji yake wa Nzega, na shemeji yule hulaiki kila kitu, hata tangazo la msiba. Lakini bango! Ukuta mmoja tu duniani usio na mwenye bucha wa kusema futa! Kwa ajili ya ukuta ule Yoramu angalitoa hata brashi moja kati ya tatu.

Siku ya mwisho neno likatoka, nalo lilikuwa Mzigo.

Yoramu akachana mfuko mtupu wa saruji, ule wa karatasi ya khaki, akaukung'uta, akautandaza, akamchora Bebayote. Kiwiliwili chake kilikuwa mzinga wa gome, ule wa kutundikwa mitini. Nywele zake nyuki. Miguu yake minne yote ya binadamu, kila mmoja na kandambili ya rangi yake. Na kichwani amejitwika stesheni ya reli, pamoja na abiria. Alikuwa mnyama wa kutisha na wa kuhurumiwa kwa pamoja. Yoramu alimtazama mpaka chozi likamlenga.

Rangi ilikuwa mbichi bado, na simu ilikuwa inachaji kwa Ezekia kinyozi, ng'ambo ya barabara. Basi shujaa wetu akamlaza Bebayote juani, kwenye benchi la jirani, akavuka kwenda kuifuata simu.

Hapo ndipo alipokosea, na mtoto yeyote wa Kinyamwezi angaliguna. Kwa maana benchi lile lilikuwa la Amne, mkaanga chapati. Na Amne alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu misafara ilipopita. Mtani akikamata kitu chako, kimekamatwa. Utakikomboa kwa lolote atakalotaka, tena unacheka. Ukikasirika umeshindwa, na kitu ni chake.

Yoramu aliporudi, benchi lilikuwa tupu. Amne alikuwa ameshika furushi la khaki lenye kutoa moshi, na kandambili moja ya kijani ilichungulia pembeni.

"Amne!" akanena, mabati yakaitikia. "Ewe bingwa wa mwiko, tishio la unga wa ngano! Umefunga nini ndani ya nini?"

"Nimefunga chapati ndani ya zimwi, mtani wangu," akasema Amne, hana haraka. "Nimelikuta limelala kwenye benchi langu, limeshakauka, halijaagiza hata chai."

"Huyo si zimwi! Huyo ni Bebayote, mbeba mizigo ya dunia, na jua likizama hajaenda, mimi nimekwisha!"

"Mbeba mizigo? Kumbe ni babu yako! Nikasema sura hii naijua. Si nyie mliobeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka kwetu, mkafika ufukoni, mkaiona bahari, mkauliza nani kamwaga?"

Gongoni nzima ikaangua kicheko. Ezekia akatoka na mashine mkononi, akamwacha mteja na nusu ya kichwa.

Yoramu akakusanya pumzi ya mababu. "Tulibeba, naam! Tukafika kwenu tukawakuta mnacheza ngoma. Tukalala, tukaamka, mnacheza. Tukarudi Unyanyembe tukaleta pembe nyingine, mnacheza ile ile! Hata sasa, Amne, hapo unapopindua chapati kiuno hakijatulia!"

"Na hakitatulia," akasema Amne, akakitikisa kidogo kwa ushahidi. "Sasa sikiliza fidia yako. Gunia langu la mkaa liko kule kwa Masanja. Liende kichwani, ngata hupewi, na ukipita mbele ya watu uimbe."

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Yoramu akalitazama jua, akalitazama furushi, akaenda.

Nani atasimulia safari ile, kutoka bucha hadi kibanda cha chapati, umbali ambao kuku huuvuka bila kuufikiria? Gunia lilimkalia utosini kama mkwe asiyetaka kuondoka. Shingo ikazama mabegani. Vumbi la mkaa likamwingia masikioni, naye akaimba, sauti ikitoka nyembamba kama ya filimbi iliyokaliwa. Masanja akamfuata nyuma akipiga panga kwa kisu kuweka mdundo. "Polepole, mzee wa pembe!" akapaza. "Bahari bado mbali!"

Akafika, akatua, akanyoosha mkono. Amne akazitoa chapati mbili alizokuwa amezikunja robo robo, akampa mtani wake karatasi.

Ole! Mafuta yalikuwa yameingia. Waa moja upande huu wa mzinga, waa jingine upande ule, makubwa, yamelowa mpaka nyuma. Hasira ikampanda Yoramu kutoka kwenye nyayo. Na watu wote wanamtazama usoni waone kama atashindwa. Maana akikunja tu uso, Bebayote ni wa Amne milele. Hakuwa na pa kujificha. Basi akainua karatasi juu, akaufunika uso wake.

Na jua la jioni likapita ndani yake.

Pale penye mafuta khaki ilikuwa imegeuka kioo. Mgongoni mwa Bebayote yalikuwa yametandazwa mabawa mawili ya dhahabu, yenye mishipa, yenye madoa ya moto wa kikaango, kila moja na umbo la chapati iliyokunjwa. Nyuma ya karatasi, hasira ya Yoramu ikakosa kazi, ikaondoka.

"Amne," akasema polepole. "Njoo umshike huku na huku. Usitikisike. Hata kiuno."

Kwa kidole chenye mkaa akainenepesha shingo ya mnyama na kuizamisha mabegani, kwa kuwa sasa alijua shingo hufanya nini chini ya mzigo. Akapiga picha. Akatuma. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye simu. Kikazunguka. Yoramu akapanda benchi, akainua simu mbinguni. Ezekia akamshika miguu. Masanja akaamuru kila mtu azime data yake, nao wakamtii kwa sababu ya kisu. Jua likagusa paa la mwisho. Kiduara kikasimama, kikafikiri, kikaondoka. Imepokelewa.

Kelele iliyopigwa iliwaamsha bata wa mtaa wa pili.

Kesho yake bango likatoka. Bebayote alikuwa kwenye kona ya chini, mdogo kama punje ya maharage, lakini mabawa yanawaka. Na chini ya picha yake, kwa mara ya kwanza, palikuwa na maneno ya mtu asiyemjua, wa Ujiji: "Kaka, mabawa haya umeyafanyaje? Yanapitisha jua!"

Amne akayasoma juu ya bega lake, mwiko kiunoni. "Sema kweli, mpagazi."

Yoramu akaandika: "Mabawa ni ya mtani wangu Amne. Mimi nilibeba tu."

Masanja aliomba simu, akalitazama bango, akavuta picha kwa vidole vinene, akairudisha, akavuta tena. Kisha akakohoa.

"Yoramu. Yule ng'ombe wangu." Akatazama pembeni. "Mabawa ya kiasi tu. Kama ya kuku."

Basi na iandikwe, na asomaye aheshimu: ukutani Gongoni yuko ng'ombe mwenye mabawa, ndiye wa kwanza katika njia yote ya misafara, na mpaka leo hii nyama haijatoroka.