Unga Uliosemwa Haufai: Malalamiko ya Mama wa Kadi ya Njano

Noela Haule (Mama Valence),
Kijiji cha Maposeni,
kupitia duka la fotokopi la shemeji yangu Makarius,
Songea Mjini.

Kwa Profesa Mkuu wa Utafiti na Machapisho,
Chuo Kikuu kilichotuma gari jeupe Maposeni.

Ndugu Profesa,

YAH: KUOMBA KARATASI YENU IONDOLEWE NA UNGA WETU URUDI

Shikamoo. Kama umri wako haujafika huko, ipokee tu hivyo hivyo, usinirudishie. Mimi ni mama wa watoto wawili na elimu yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikikosea mahali usinisahihishe kama mwanafunzi wako. Naandika kwa heshima, na mtoto yuko mgongoni.

Juzi redio ilitangaza kwamba chuo chenu kinaongoza kwa machapisho, na kwamba kinanukuliwa kwenye tiba, kilimo, uchumi, uhandisi na mambo ya kompyuta. Mtangazaji akamalizia kwamba chuo kina athari kubwa katika sayansi. Niliacha kupepeta mahindi nikasema, afadhali wamekiri wenyewe. Baadaye shemeji Makarius akanielewesha kwamba kwa wasomi athari ni kitu cha kujivunia. Huku kwetu athari ni kile unachokikuta shambani mvua ya mawe ikishapita. Basi naomba nikueleze zile zilizotufikia sisi.

1. Mwaka juzi mlikuja na mizani ya kuning'iniza watoto na ubao wa kuwapimia urefu. Akina mama themanini tukaokota kadi kwenye kofia. Aliyeokota ya bluu alipewa unga wa lishe kila wiki kwa miezi tisa, wa mahindi, soya, karanga na dagaa wa Nyasa. Aliyeokota ya njano alipewa mche wa sabuni na somo la kunawa mikono. Jirani yangu Hilda aliokota bluu, mimi njano. Mwanangu Valence alikuwa na miezi saba, na ule utepe wenu wa kupimia mkono ulikuwa umebakiza kidogo tu ufike kwenye nyekundu ya utapiamlo. Nilimuuliza Hironimus, kijana wenu wa kuandika majibu, sisi wa njano tumekosea wapi. Akanijibu kwa upole: "Hamjakosea, mama. Ninyi ndio wa kulinganishwa nao." Nikarudi nyumbani nikalinganishwa miezi tisa.

2. Karatasi ya utafiti ikatoka, wala hakurudi mtu kutuambia. Nimeijua kwa Makarius, aliyeikuta kwenye kompyuta ya dukani akanisomea kwa Kiswahili. Inasema watoto wa bluu walinenepa. Inasema na wa njano walinenepa, sawa kwa sawa. Kwa hiyo, inasema, kupewa unga na kutopewa ni mamoja. Profesa, mimi nimemwona Walburga, binti wa Hilda, kabla ya unga na baada yake. Kabla alikuwa akilia kwa kasauti kadogo kama bawaba inayotaka mafuta. Baada ya miezi minne aliangusha beseni la maji na akacheka. Unga ule unafanya kazi.

3. Utaniuliza, na Valence wa kadi ya njano mbona naye alinenepa? Swali zuri. Valence ni mtoto wa pekee. Babu yake, mzee Otto, aliwahi kubeba gunia la mahindi mpaka Peramiho bila kulitua, na mwili ule ni wa ukoo. Haikuwa haki kumweka kwenye hesabu pamoja na watoto wa kawaida. Naomba aondolewe. Mkishamwondoa yeye muwaondoe na wenzake thelathini na tisa wa njano, maana nimewapitia nyumba kwa nyumba na kila mama amenithibitishia kwamba wa kwake pia ni wa pekee. Mmoja kazaliwa Pasaka. Mwingine mama yake ana maziwa ambayo mtaa mzima unayajua. Mwingine wazazi wake hawakuwa na sababu, ila baba yake aliongea nami kwa ukali sana nikamwandika. Mtabaki na wa bluu peke yao, na hapo kila mwenye macho ataona walivyonenepa.

4. Wapo watakaosema sisi wa njano tuliiba. Hilo nalikataa. Kwenye fomu ya ridhaa tuliweka saini, na wengine dole gumba, kwamba unga wa mradi asigawiwe mtoto asiye wa bluu. Kila Ijumaa Hironimus alipita akiuliza kama nimepokea unga kutoka kwa jirani. Nilimjibu hapana, huku nikimtazama machoni. Hakuna hata kijiko cha unga kilichovuka uzio wa Hilda kuja kwangu. Niko tayari kuapa mbele ya paroko, na Hilda yuko tayari kushika mshumaa.

5. Makarius anasema karatasi hiyo imenukuliwa mara mia mbili na kumi na mbili. Shuleni kwetu aliyenukuu kazi ya mwenzake alichapwa, lakini kila shule na sheria zake. Nikaomba nisomewe hao ni akina nani. Mtu wa uhandisi amenukuu ndoano ya mizani. Mtu wa kompyuta ameifundisha mashine yake kubashiri uzito wa watoto, na mashine nayo imekubali kwamba unga haufai. Mchumi mmoja ameandika kwamba kugawa unga vijijini ni kuumwaga. Halafu kuna mmoja wa tiba, huyu ndiye aliyenichoma. Amekaa akatafakari, kama hawa wa njano hawakula unga na bado wakanenepa, walipewa nini kingine? Akaona ni sabuni. Sasa naye ananukuliwa. Kilo za mwanangu zimefika nchi ambazo mimi siwezi hata kuzitamka, na katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyepiga hodi kuuliza, Mama Valence, huyu mtoto alikula nini?

6. Mwezi uliopita tukaambiwa ule mradi uliokuwa ulete unga kwa vijiji vyote umefutwa. Badala yake yamekuja makasha ya sabuni. Maposeni sasa tunang'aa, Profesa, watoto wanatuteleza mikononi. Lakini mdogo wake Valence, Mathias, mwezi ujao anatimiza miezi sita, ndio wakati wa kuanza kula. Nimempima kwa utepe ule ule, Hilda aliutunza. Mkono wake ni mwembamba kuliko wa kaka yake wakati ule. Nimemwogesha sana. Sioni tofauti.

Kwa hayo yote naomba karatasi iondolewe. Kama imeshakwenda mbali, basi tumeni nyingine iikimbilie nyuma na kuomba radhi kwa niaba yake. Naomba pia unga urudi upesi. Na kama yote mawili hayawezekani, naomba Valence aandikwe miongoni mwa waandishi wa karatasi, maana ninyi mliandika tu, aliyenenepa ni yeye. Atumiwe joho la kumtosha mtoto wa miaka mitatu. Kofia isiwe na ile kamba ya kuning'inia, ataitafuna. Akishakuwa msomi, karatasi yake ataiondoa mwenyewe, hatutakusumbua tena.

Nisalimie walimu wote wa chuo na watoto wao, anayewapikia chai hapo ofisini, Hironimus popote alipo, na yule dereva aliyempa Valence biskuti nje ya utafiti. Ukionana na wale mia mbili na kumi na wawili, waambie Mama Valence anawasalimu pia, hana kinyongo.

Ni mimi, mlinganishwa wenu,
Noela Haule.

Nyongeza: Hilda ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amenirudishia akasema: "Na uji je?" Profesa, sikuusahau. Ni fomu ndiyo haikuuliza. Tulikatazwa kugawana unga, na unga hatukugawana. Ulipikiwa kwa Hilda, kwenye sufuria yake, mimi nikipeleka kuni, na ulipokwisha kuwa uji Walburga alikaa huku na Valence kule, kila asubuhi kwa miezi tisa. Mtu huwezi kumlisha wako wakati wa jirani amekaa palepale kwenye mkeka, anafungua mdomo kila kijiko kinapopita. Nimewauliza wale thelathini na tisa, kila mmoja alikuwa na mlango wake wa bluu wa kwenda. Kwa hiyo msimwondoe Valence kwenye hesabu, mhamishieni bluu pamoja na wenzake, na joho sitaki tena. Mathias anaanza kula tarehe kumi na nne.