Kuhusu Kumchezesha Mama Mkwe kwa Ajili ya Maksi

Yamumbi, Eldoret.

Kwa Mwalimu Bethwel Kimeli,
Kozi ya Utunzaji wa Stoo kwa Mtandao.

Mwalimu mpendwa,

Pokea salamu kutoka nyumba yenye furaha kuliko zote hapa Yamumbi. Mimi ni Nekesa, mke mpya wa mwanafunzi wako Opondo, yule wa tabasamu. Tulifunga ndoa baada ya Pasaka, na hata sasa akiingia kutoka kazini dukani, ugali huniungulia kwa kumtazama.

Najua ulianzisha chalenji za TikTok ili wanafunzi wasiache masomo njiani. Nia ni nzuri. Lakini nina malalamiko:

1. Chalenji ya Kuamka na Kitabu. Siku ya kwanza Opondo alifungua macho akasema, "Habari ya asubuhi, wapenzi wangu!" Nikaitika vizuri kabisa. Kumbe anaiambia simu.

2. Chalenji ya Kucheza Somo. Alicheza lile somo la kilichoingia kwanza kitoke kwanza, akihamisha magunia kwa kiuno. Simlaumu, Mungu ndiye aliyempa kiuno. Lakini mwanamke mmoja wa Burnt Forest akaandika chini yake, "Huyu ametoka stoo gani, nikachukue wangu?" Nikamjibu, "Alikuwa mmoja tu. Stoo imefungwa." Jibu langu likapata mioyo mingi kuliko dansi yenyewe, na mume wangu akaninunia mpaka chai ya jioni.

3. Hili ndilo limenifanya niandike. Wiki hii umesema kila mwenye ndoa amfundishe mama mkwe somo hilo hilo huku wakicheza bega kwa bega, kisha wagonge viganja. Mwalimu, mimi ni Mbukusu na Opondo ni Mjaluo. Kwetu mkwe hamgusi mama wa mkewe wala hamkaribii, na kwao heshima ni hiyo hiyo. Mama yangu akitutembelea, mume wangu hutoka nje kwa kupitia dirishani. Hata hivyo tulijaribu. Nilitundika pazia katikati ya sebule, Opondo akafundisha upande huu, Mama akasikiliza upande ule, nami nikapeleka maswali. "Mwambie huyo mkwe wangu," akasema Mama, "unga wa zamani ukikaa nyuma ya mpya, panya ndiye mtunza stoo." Somo lilikuwa limeingia! Tulipokutumia video, wewe ukatoa sufuri, ukaandika, "Mama mkwe haonekani." Mwalimu, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Na bila maksi hizo Opondo hafanyi mtihani, na bila cheti, stoo ya dukani atapewa mwingine.

Kwa hivyo naomba kwa unyenyekevu ufute chalenji zote. Ukikataa, ifanye wewe kwanza na mama mkwe wako, utuwekee video. Nasikia hujaoa. Hicho si kizuizi. Binamu yangu Nekoye yuko tayari, ni mpole, ana mwanya, na mama yake akirusha mwiko hakosi. Tutakusindikiza wenyewe ukajitambulishe.

Nisalimie walimu wenzako wote, na mama yako mzazi, ambaye wewe unaruhusiwa kumgusa.

Wako katika ndoa na matumaini,
Nekesa wa Opondo.

N.B. Nilikuwa nimeshamaliza barua, ndipo nikafungua simu. Video yetu imesambaa, na wakwe mpaka kule Plateau wanatundika mapazia. Tafadhali usifute chalenji, futa ile sufuri tu. Mama naye anaomba umsajili kwenye kozi. Anasema siku atakayompita mkwe wake kwa maksi, atapiga vigelegele, lakini akiwa upande wake wa pazia.