Mzigo wa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu

Jumatatu, 3 Juni

Umefika! Ujumbe umeingia kwenye simu saa tatu asubuhi, nikiwa nimeinamia pasi ya mteja. Mzigo wako upo ofisini kwetu, njoo na kitambulisho. Nimeiacha pasi tumbo wazi. Mteja atangoja. Mama amengoja miaka miwili.

Ndani ya mzigo kuna kifaa cha kusikilizia, cha sikio la kulia. Dada yangu amekihangaikia huko ng'ambo mpaka akakipata. Mama hasikii tena ila umpigie kelele, na watu wamechoka kumpigia kelele. Siku hizi anakaa kwenye kiti chake anatutazama midomo. Jumamosi binti yangu anamleta mtoto wake wa kwanza, wa wiki saba. Watalala siku moja tu, kisha wanahamia mbali, mumewe amepata kazi huko. Mama hana ombi jingine. Anataka kumsikia kitukuu wake.

Nimefika kwenye kampuni ya mizigo nikiimba. Foleni fupi. Dada wa dirishani amepokea kitambulisho changu, ametazama mzigo, ametazama kitambulisho, amenitazama mimi. Akasema majina hayalingani.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa kuwa hii ni shajara yangu na hakuna atakayeisoma. Ni mimi niliyemwambia dada yangu aandike juu ya mzigo: Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, Kampuni ya Kimataifa ya Pasi, Feni na Mitambo. Nilikuwa na sababu! Mzigo wa mtu mdogo hurushwa-rushwa. Mzigo wa mkubwa hubebwa kwa mikono miwili. Na kampuni ipo. Ni meza yangu, kiti, na bisibisi saba.

Akauliza Mkurugenzi yuko wapi. Nikasema amesimama mbele yake. Akatazama kandambili zangu. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba sheria ni sheria: ama Mkurugenzi alete kitambulisho chenye jina lililo kwenye mzigo, ama kampuni itoe barua yenye mhuri, imtume mtu, na huyo mtu naye alete kitambulisho chake. Jumamosi saa sita mchana mzigo unarudi ulikotoka. Halafu ameniita mzee. Nina miaka hamsini na mbili!

Jumanne, 4 Juni

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Barua? Nitaandika. Mhuri? Nitautafuta.

Fundi wa mihuri ameomba hati ya usajili wa kampuni. Nikamwambia iko kwa mwanasheria. Akasema basi atamngoja huyo mwanasheria. Watu wamekuwa wagumu siku hizi!

Mchana nimeuchonga mhuri mwenyewe, kwa wembe, kwenye kisigino cha kandambili kuukuu. Duara, na feni katikati. Kazi safi. Nimejikata kidole kimoja tu. Mke wangu akauliza kampuni ya mitambo inafanya nini na ua la alizeti.

Jumatano, 5 Juni

Barua ilikuwa nzuri. Nimetumia “kwa heshima na taadhima” mara tatu. Mimi, Mkurugenzi Mkuu, nimemtambulisha fundi wangu mwaminifu, yaani mimi, achukue mzigo wangu, yaani wa Mkurugenzi.

Dada wa dirishani ameisoma mara mbili. Akauliza kama aliyetia sahihi na aliyetumwa ni ndugu, maana miandiko inafanana. Nikasema tumekua pamoja. Akauliza mbona juzi Mkurugenzi nilikuwa mimi. Lo! Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikakohoa mpaka mlinzi akaniletea maji.

Akanirudishia barua yangu. Akasema kwa upole kwamba mtu hawezi kujituma mwenyewe. Aje nayo mtu mwingine.

Nyumbani mama ameniuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: kimefika? Nikamwonyesha dole gumba. Si uongo, kimefika kweli. Lakini amefurahi mno, akamshika mke wangu mkono, akamwambia Jumamosi apike mapema ili watu wote tukae kitako tuzungumze. Nimekula bila kumtazama. Nimejisikia vibaya, acha niseme ukweli.

Alhamisi, 6 Juni

Mtu wa kutumwa ninayemjua ni mmoja tu. Shemeji. Kaka wa mke wangu, karani wa stoo kwenye shule. Bwana huyu anavaa kitambulisho cha kazi shingoni tangu asubuhi mpaka anapolala. Msibani anacho. Akila anakitupa begani kisiingie kwenye mchuzi. Miaka kumi na tisa sijamwomba kitu, na nilikuwa najivunia jambo hilo.

Amenisikiliza huku akikichezea. Akasema kumbe dunia hii inamhitaji mtu mwenye kitambulisho cha maana. Akaisoma barua, akakataa katakata kuitwa tarishi. Anataka Naibu Mkurugenzi. Nikamwambia kampuni haijafikia hapo. Tumebishana saa nzima. Mke wangu alituletea chai, akatusikiliza kidogo, akaondoka nayo.

Tumekubaliana: Msaidizi wa Muda wa Mkurugenzi. Cheo hicho nimekiandika kwa herufi ndogo sana.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji amerudi mikono mitupu! Kile cha shingoni ni cha shule, hawakitambui, wanataka cha taifa. Cha taifa alikuwa nacho mfukoni. Kilikwisha muda wake miaka mitatu iliyopita! Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Amekaa sebuleni, kamba ya shingoni ameificha ndani ya shati. Nimecheka mpaka nikashika ukuta.

Nimecheka kama dakika mbili. Kisha nikamwona mama mlangoni. Amesuka nywele upya, na upande wa kulia amezivuta zote nyuma ili sikio liwe wazi. Amemwambia mke wangu hataki kifaa kipate shida kuingia.

Nimetoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kesho saa sita kinarudi. Mtoto anakuja, mama atamtazama tu mdomo kama anavyotutazama sisi, na huyo mtoto bado hata maneno hana. Mimi ni mpumbavu. Naandika kwa wino, nisije nikafuta.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nilikuwa na mpango mkubwa kuliko yote. Suti ya harusi yangu. Miwani ya jua. Shemeji anifungulie mlango wa teksi na kuniita Mheshimiwa mbele za watu. Suti ilikataa kufunga vifungo, nikaamua kwamba wakurugenzi hawafungi.

Saa nne natoka, mama huyo, amesimama njiani. Amevaa viatu. Ana mkoba. Nikamwashiria abaki. Hakubaki. Mama akishaamua jambo, hata angekuwa na masikio manne mazima asingekusikia. Shemeji akamfungulia yeye mlango wa teksi.

Dirishani nikavuta pumzi niseme yangu. Dada akamwamkia mama shikamoo. Mama hakusikia. Akanisogeza kwa kiwiko, akaanza kusema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia, foleni nzima ikageuka.

“Mwanangu, nimefuata sikio langu. Huyu ni mtoto wangu. Hana kampuni, anatengeneza pasi, tena anazitengeneza vizuri. Wiki nzima anakuzungusha hapa kwa uongo wake, na ni kwa ajili yangu. Sisikii, lakini naona. Leo naletewa kitukuu. Niambie unachotaka, nikupe.”

Akakifungua kitambulisho chake kutoka kwenye kitambaa, akakiweka dirishani.

Mlinzi akatazama dari. Mimi nilitazama sakafu. Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya ile suti. Dada wa dirishani akaniuliza taratibu kwa nini sikuusema ukweli tangu Jumatatu. Mtumaji akipigiwa simu akathibitisha, jina la mpokeaji hubadilishwa pale pale. Hilo limeandikwa ukutani, kwenye tangazo kubwa la herufi nyekundu. Nikaligeukia. Ni pale pale ninapoegemea kila nikija, nikisubiri zamu yangu.

Akampigia dada yangu. Dada alicheka simuni hata watu wa nyuma wakamsikia. Dakika sita! Mzigo ukaandikwa jina la mama, mama akaweka dole gumba kwenye fomu, na saa sita kasoro robo akaukumbatia. Hakukubali nimbebee.

Alasiri mtoto amekuja. Mama alikaa wima, kifaa sikioni. Mtoto akaamka, akaangua kilio, kilio cha njaa na hasira. Binti yangu akakimbilia kumnyamazisha, mke wangu akakimbilia, hata shemeji akakimbilia. Mama akainua mkono. Akasema mwacheni kwanza.

Akafumba macho akamsikiliza. Sote tumesimama. Mwishowe akasema huyu ni marehemu mume wake mtupu, hivi hivi ndivyo alivyokuwa akidai chakula. Akacheka, machozi yanamtoka, akaomba apewe ampakate.

Nami nimelia. Nimewaambia suti inanibana.

Jumapili, 9 Juni

Wameondoka asubuhi. Mama alimwimbia mtoto mpaka gari likakata kona, na aliporudi ndani akamwambia shemeji, aliyelala sebuleni kwetu, kwamba anakoroma. Nyumba imechangamka. Nimekaa sasa niandike funzo la wiki hii, maana funzo lipo, nimelitafakari tangu chai ya asubuhi.

Mzigo haukuwa na kosa. Ulifika salama, bila hata mkunjo, na wangeubeba vile kama wasingeuogopa? Kosa ni la kitambulisho changu. Kina majina matatu matupu, yale aliyonipa baba. Basi kesho saa mbili kamili niko ofisi ya vitambulisho, niongezewe la nne na la tano: Mkurugenzi Mkuu. Hapo nitamwona wa kuniambia hayalingani! Fomu nimeshaijaza. Wanataka tu mzazi athibitishe kwamba ndivyo ninavyojulikana tangu utotoni.

Nimemsomea mama fomu yote, pamoja na maelezo yangu ya kurasa mbili. Amenitabasamia mwanzo hadi mwisho, hakupinga hata nukta. Mke wangu anasema kifaa alikivua nilipotaja tu neno fomu, na muda wote kilikuwa mezani ndani ya kiboksi chake. Inawezekana. Nimelihesabu tabasamu kuwa ni ndiyo.