Kesi ya Spika, Ng'ombe wa Nathanael

Kesi ya Spika imetupwa. Hakimu amemwambia makubaliano hayakuwa yake, arudi nyumbani.

Spika ni Elimringi, mshenga wa Sombetini nzima. Alimposea Nathanael binti wa Momela, posa ikapokelewa, ng'ombe wawili wakapelekwa. Binti akabadili mawazo. Nathanael akasema yaishe. Spika akafungua kesi kwa jina lake mwenyewe.

Leo asubuhi amefika kijiweni, hakusalimia mtu, akaagiza kahawa.

"Mtilie na tangawizi," Hans akamwambia muuza kahawa. "Amefiwa na kesi." Hans tunamwita Jaji, maana huhukumu hata mechi ambayo hajaitazama.

"Nani alibisha hodi Momela?" Spika akafoka. "Mimi. Nani aliongea mpaka baba mtu akalainika? Mimi. Nathanael alikuwa nje kwenye pikipiki, anachezea simu."

"Kwa hiyo ukiongea wewe, mali ni yako," akasema Tajeu, ambaye tunamwita Kufuli kwa ubahili. "Mchungaji naye hutuombea kila Jumapili. Baraka zikichelewa, afungue kesi mbinguni kwa jina lake?"

"Kufuli, heshima yangu imechafuka."

"Tuache heshima, kaka," Jaji akasema. "Ng'ombe wa nani?"

"Wa Nathanael."

"Mchumba wa nani?"

"Wa Nathanael."

"Chako wewe kilikuwa kipi mle ndani?"

Spika akakitazama kikombe. "Maneno."

"Basi ungedai wakurudishie maneno."

Nikamuuliza aliomba nini hasa mahakamani.

"Warudishe ng'ombe, au watimize tulichokubaliana."

"Yaani?"

"Bibi harusi aletwe."

"Kwa mdai," Jaji akasema taratibu.

"Hakimu naye aliuliza hivyo hivyo. Na Mama Princess wangu alikuwa benchi la nyuma."

Kufuli akashusha kikombe. "Shemeji yuko wapi sasa?"

"Kwao, Lemara. Jana nimemtuma kaka yangu akaniombee msamaha. Wamemrudisha. Wanasema wao wanamjua mume, mjumbe hawamjui."

"Si uende mwenyewe?"

"Nikaongee nini?"

Jaji akageukia barabarani, mabega yanamcheza.

Tukapiga hesabu pale pale. Ada ya kesi. Nauli ya Momela, mara tatu. Mbuzi mmoja, aliyeuzwa kulipia hayo yote. Mke mmoja.