Friji Kumi na Nne za Jengo la Los Cerezos

Evelio Chaparro hakuingia katika ule mkahawa kutafuta mtu wa kumtapeli. Aliingia kunywa kahawa na kumkwepa mkewe. Lakini masikio yake yalikuwa hayajui siku ya mapumziko, na kwenye meza ya pili akina mama wawili walikuwa wanalia bila machozi.

"Jengo la ng'ambo ni daraja la tatu," alisema wa kwanza. "Matofali yaleyale, barabara ileile, hata paka ni mmoja, anakula kwao analala kwetu. Sisi Los Cerezos tumeandikwa daraja la nne. Kisa?"

"Usinitoneshe kidonda, mwenzangu. Bili ya maji ikiingia chini ya mlango, natamani kuzimia."

Bogotá kila nyumba ina daraja lake, moja mpaka sita, na daraja likipanda, bili nayo hupanda. Ndiyo maana mtu wa mji huu akiwa harusini ni wa daraja la tano, na akifika kwenye dirisha la kulipia umeme ni fukara asiye na shati la kubadilisha. Evelio alikijua kidonda hicho vizuri. Akamwita mhudumu, akaongeza mkate wa jibini, akaanza kufikiri.

Siku hiyo alihitaji kitu kimoja tu duniani: friji. Mkewe, Yolima, alikuwa akitengeneza mtindi na kuuzia mtaa mzima, na friji yake ilikuwa imekata roho Jumatatu, na lita thelathini za mtindi tumboni.

"Jumapili nisipokuwa na friji," Yolima alimwambia, "napanda basi kwenda kwa dada yangu Sogamoso. Wewe baki na maneno yako, uyauze kwa kikombe."

Katika miaka kumi na moja ya ndoa Yolima alikuwa amemtishia mara tatu, na mara zote tatu alitenda. Evelio alimpenda mwanamke huyo. Wazo la kitanda chenye upande mmoja lilimtia hofu kuliko polisi.

Kesho yake, Jumatano, alifunga tai, akaning'iniza kitambulisho shingoni na kushika faili la kijani. Ukiwa na tai na faili Bogotá, kabla hujaifikia lifti umeshaitwa daktari, hata kama hujawahi kupima homa.

"Mradi wa Utafiti wa Matumizi Endelevu ya Kaya," alimwambia mlinzi wa mlango, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuiokoa dunia.

Mlinzi alimwita mwenyekiti wa wenye nyumba, Doña Elvia Barragán, mwalimu mstaafu mwenye miwani mikubwa na sweta la bluu. Mama huyo aliisoma karatasi ya maswali polepole, mstari kwa mstari. Kisha akatabasamu.

"Karibu sana, daktari. Jengo ni lako."

Evelio akapanda ghorofa moja baada ya nyingine akiwa na uso wa padri anayesikiliza maungamo. Na maungamo yalikuwa ya aina yake.

"Mnaoga dakika ngapi?" alimuuliza bwana mmoja wa ghorofa ya tano.

"Mbili. Maji baridi." Nywele za bwana huyo zilikuwa bado zinatoa mvuke.

"Na umeme?"

"Taa hatuwashi kabisa," alijibu mama wa ghorofa ya tatu, akiinua sauti ili kuishinda televisheni. "Tunapapasa tu, daktari. Tumezoea."

Evelio aliandika kila kitu. Mwisho alimvuta Doña Elvia pembeni, akashusha sauti.

"Mama, nyie ni watu wema, nitawaambia siri. Ijumaa ya wiki ijayo inakuja kamati. Jengo linaloonekana kutumia kidogo linashushwa daraja. Lakini wakikuta friji za ziada humu, mtazeeka mkiwa daraja la nne."

"Yesu na Maria! Tuzipeleke wapi, daktari?"

"Nina ghala Fontibón. Wiki moja tu, zikae salama, halafu nawarudishia. Bure. Kwa ajili ya mazingira."

Doña Elvia akashika kifua. Akasema angezungumza na majirani jioni. Evelio akarudi nyumbani akipiga mbinja.

Alhamisi mama yule alimpigia simu. Majirani wamekubali, friji kumi na nne, ila kuna kajambo kadogo. Kamati wakiuliza, lazima wenye nyumba waonyeshe kwamba friji si zao tena. Kwa hiyo pangekuwa na hati: wao wamempa Evelio Chaparro friji hizo kwa hiari, ni mali yake yeye, na atazibeba yeye na kila jukumu linaloambatana nazo.

"Ya kuzugia tu, daktari," alisema. "Kamati wakishaondoka tunaichana. Lakini iende kwa mthibitishaji wa hati, ipigwe muhuri na alama ya kidole. Unajua wakubwa wetu, bila muhuri hawaamini hata kwamba mvua inanyesha."

Evelio alitaka kucheka kwa sauti. Maisha yake yote alikuwa akikimbia na mali ya watu, na leo wenye mali wanamwandikia kwamba ni yake! Hakuna polisi wa kumgusa. Alienda mwenyewe ofisini, akatoa kitambulisho chake halisi, akabonyeza kidole kwenye mashine kwa furaha hata karani akamwomba apunguze nguvu.

Ijumaa asubuhi alifika na lori la Hermes, swahiba wake, muuzaji wa vyombo vya umeme vilivyotumika. Friji zilikuwa zimepangwa sehemu ya magari chini ya jengo, kila moja imeviringishwa blanketi na kufungwa kamba.

"Tumezifunga zisichubuke," alisema bwana wa ghorofa ya tano.

"Watu wa daraja la nne bwana," Hermes alimnong'oneza Evelio. "Hata friji zao zinavaa."

Majirani walisaidia kupakia kwa moyo wa ajabu. Bibi mmoja aliwapa hata supu ya viazi. Lori lilipoondoka, walisimama kando ya barabara wakipunga mikono.

Kule Fontibón, ghalani kwake, Hermes alikata kamba ya kwanza, akavuta blanketi, akazunguka nyuma ya friji. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Evelio. Mashine iko wapi?"

"Mashine gani?"

"Ya kupozea. Hapa pana tundu tu."

Ya pili ilikuwa na mashine, lakini ilikuwa imeota kutu. Ya tatu haikuwa na mlango. Ule walioupapasa chini ya blanketi ulikuwa ubao. Ya sita walipoichomeka ilinguruma, na Evelio akaikumbatia, akamtaja mkewe kwa jina. Kisha ikatoa moshi na kunyamaza. Walipofika ya kumi na nne Hermes alikuwa ameketi kwenye tairi akifuta jasho.

"Kesho asubuhi ziwe zimetoka hapa," alisema. "Zina gesi chafu, kuzitupa ni faini. Na jina kwenye karatasi ni lako, si langu."

Jumamosi asubuhi, Evelio aligonga mlango wa Doña Elvia. Mama alimfungulia kana kwamba alikuwa amemwandalia kiti, akammiminia kahawa.

"Mmenipiga," alisema Evelio.

"Tumekupiga, mwanangu. Kunywa kabla haijapoa."

"Ulijua lini?"

"Swali la kwanza. Miaka thelathini nilifundisha chuo kikuu, na kazi yangu ilikuwa hiyohiyo uliyoiigiza, mlango kwa mlango, maji, umeme, taka. Wewe uliwauliza wanaoga dakika ngapi. Nani anauliza hivyo? Watu hudanganya kuhusu maji kuliko kuhusu dhambi. Sisi tulikuwa tunaomba bili, kisha tunafunua ndoo ya taka. Na daraja hupangwa kwa kutazama jengo na barabara. Hakuna anayefungua friji ya mtu."

"Kumbe wote walikuwa wanaigiza? Hata yule wa maji baridi?"

"La, siku ya maswali walikuwa wanadanganya kwa hiari yao. Mimi niliwaambia jioni." Doña Elvia akacheka mpaka miwani ikashuka. "Miaka mitatu tumegombana mkutanoni nani alipie gari la kuziondoa zile maiti za friji chini ya jengo. Ofisi ya mazingira ilishatuonya mara mbili. Ndipo ukaja wewe na tai yako."

Evelio alifungua mdomo atoe uongo, akakuta hazina ni tupu. Ukweli ukamtoka wenyewe: mtindi, friji iliyokufa, basi la Sogamoso.

Doña Elvia akamwongezea kahawa. Alikwishasikia hadithi nyingi milangoni mwa watu, na hii aliiamini.

"Ninayo moja ndogo, nzima. Mtu mmoja friji mbili za nini? Peleka zile kumi na nne kituo cha kukusanyia vyombo chakavu, uniletee karatasi yao yenye muhuri. Wakati huo mimi nitapita kwa mthibitishaji."

Hermes alimkopesha lori na matusi pamoja. Kituoni Evelio alipanga foleni kutwa, akashusha friji moja moja kwa mgongo wake mwenyewe. Aliporudi Los Cerezos jioni na karatasi yenye muhuri, alikuta friji nyeupe mlangoni kwa Doña Elvia, na juu yake hati yenye jina la Yolima peke yake.

"Mbona mimi simo?"

"Nimefanya utafiti wa kaya, mwanangu. Kitu ukitaka kiwepo mwaka ujao, kiandike jina la mke."

Nyumbani, Yolima alikuwa sebuleni, begi limefungwa tayari. Aliisoma hati mara mbili, akaichomeka friji, akaweka sikio. Ilinguruma. Machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa aproni haraka asionekane.

"Huyu mama ulimfanyia nini?"

"Nilimtapeli."

"Akakupa friji?"

"Amekupa wewe."

Yolima akachukua simu, akampigia dada yake.

"Siji," alisema. "Nina friji."

Evelio akasubiri, labda na yeye angetajwa. Simu ikakatwa.